Chembe ndogo zaleta tumaini kwa wagonjwa wa moyo, ila chombo kizuri hakipatikani bure

TUMAINI la kupunguza maradhi ya moyo kwa tiba ya mara moja limesogea karibu. Hata hivyo, safari yake imewafunza wanasayansi kwamba chombo kinachobeba dawa chaweza kuleta madhara hata kama dawa yenyewe haina dosari.

Chombo hicho ni chembe ya mafuta yenye upana wa takriban nanomita 100. Mamia ya chembe hizo zikipangwa sako kwa bako ndipo zitoshe upana wa unywele mmoja. Chembe za aina hiyo ndizo zilizobeba chanjo za Covid-19 za Pfizer na Moderna. Zikitiwa mshipani, nyingi huishia kwenye ini, kiungo kinachoondoa damuni kolesteroli mbaya, ambayo huziba mishipa.

Ni kwa sababu hiyo kampuni ya Verve Therapeutics ya Marekani ilizitumia kupeleka kwenye ini vifaa vya kubadilisha herufi moja ya jeni iitwayo PCSK9. Jeni hiyo ikizimwa, ini huondoa kolesteroli kwa wingi zaidi. Mnamo Novemba 2023, ilitangazwa kwamba mgonjwa aliyepewa kipimo cha juu zaidi alipungukiwa na kolesteroli mbaya kwa asilimia 55.

Lakini Aprili 2024, kampuni iliacha kusajili wagonjwa wapya baada ya mmoja kupatikana na kasoro katika vipimo vya ini na upungufu wa chembe zinazogandisha damu. Kidole cha lawama kilielekezewa chembe za mafuta. Kampuni ikageukia tiba nyingine, VERVE-102, yenye mafuta tofauti. Aprili 2025 iliripotiwa kwamba hakuna hata mmoja kati ya wagonjwa 14 wa kwanza aliyepata madhara makubwa yaliyotokana nayo.

Idadi hiyo ni ndogo mno kutangaza ushindi. Tembe ikimdhuru mgonjwa, ataacha kuimeza. Jeni iliyobadilishwa hairejeshwi kwa urahisi. Ndiyo maana wanaojitolea kwa majaribio haya hufuatiliwa kwa miaka mingi.

Kwa Kenya, lipo suala jingine. Machi 2022, serikali ilikubaliana na Moderna kujenga nchini kiwanda cha chanjo za teknolojia hiyo ya chembe. Aprili 2024, kampuni ilisitisha mpango huo, ikisema mahitaji ya chanjo za Covid-19 barani Afrika yamepungua. Nafasi ya Wakenya kujifunza kuunda chembe hizi ikaahirishwa pamoja na kiwanda.

Kwa sasa, kupima shinikizo la damu na kumeza tembe za statini kwa ushauri wa daktari kungali kinga iliyo karibu zaidi. Lakini tiba mpya zitakapokomaa, bei yake itaamuliwa na wenye viwanda. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.