Jadotville, Likasi na kompaila

Karani ana madaftari mawili, moja limeandikwa Jadotville, jingine Likasi. Akifundishwa kwamba majina tofauti ni ya miji tofauti, atarekebisha hesabu katika moja na kuiacha ya zamani katika jingine. Hatakuwa amevunja kanuni yoyote.

Katika kompyuta, pointa ni jina la mahali ndani ya kumbukumbu ya mashine. Kanuni za lugha ya C zinasema kwamba pointa mbili za aina tofauti, isipokuwa aina chache, hazielekezi mahali pamoja. Kompaila, yaani programu inayofasiri C kuwa maagizo ya mashine, hutegemea kanuni hiyo ili iharakishe kazi: thamani iliyokwisha kusomwa haisomi tena. Ikiwa imebadilishwa kupitia jina la pili, mashine huendelea na ile ya zamani.

Waandishi wa Linux, kerneli iliyo ndani ya kila simu ya Android hapa Kolwezi (na betri yake huenda ina kobalti yetu), huiamuru kompaila isiitumie kanuni hiyo. Wapo wanaouita huo ukaidi wa watu wasioheshimu sarufi. Mimi naona wako sahihi.

Tazama kasoro iliyofichuliwa mwaka 2009 katika sehemu ya Linux iitwayo tun. Mwandishi aliitumia pointa kwanza, kisha akauliza kama ni tupu. Kompaila ya GCC ikakata shauri: kuitumia pointa tupu ni marufuku, huyu ameitumia, basi si tupu, swali halina kazi. Ikalifuta. Mtumiaji wa kawaida akaweza kujitwalia mamlaka yote ya mashine. Ni kweli, mistari ilipangwa vibaya. Lakini hofu ya mwandishi ilikuwa imeandikwa pale, nayo kompaila iliiona kabla ya kuifuta.

Sisi tunaoandika "tutoto" kwa maana ya watoto wadogo tunamfahamu msomaji wa aina hii. Kwake "tu-" ni sisi, kwa hiyo neno letu ni kosa, na kosa hufutwa.

Ningependa walimu wetu wa pragmatiki waiweke kasoro ya tun kwenye somo la dhanio tangulizi, na watuulize katika mtihani: mtu akiuliza swali ambalo sentensi yake iliyotangulia imekwisha kulijibu, tuamini lipi, sentensi au swali?