Simu Haifuti Deni la Wavu

Imekuwa desturi siku hizi kwamba kila panapozungumzwa habari ya maendeleo ya mvuvi, jibu linalotangulia mengine yote ni simu ya mkononi. Akiwa nayo, tunaambiwa, ataijua bei ya Mwanza na ya Musoma kabla hajafika ufukoni, na mlanguzi hatakuwa na pa kujificha. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowahusu hasa wananchi wa Lamadi na ndugu zao wa Ukerewe na Ukara, ng'ambo ya Ghuba ya Speke.

Haikuzuka hewani. Mwaka 2007 mtaalamu wa uchumi, Robert Jensen, alitangaza matokeo ya utafiti wake juu ya wavuvi wa Kerala, India, ambako simu ziliingia kati ya 1997 na 2001. Kabla ya hapo mvuvi alishusha samaki katika soko lake la siku zote. Akikuta wamejaa aliwamwaga, ilhali soko la jirani lina upungufu. Simu zilipoingia, bei za masoko zilikaribiana, samaki wakaacha kutupwa, faida ya wavuvi ikapanda kwa asilimia 8 na bei kwa mlaji ikashuka kwa asilimia 4. Ni habari njema, wala hatuna sababu ya kuzibeza.

Lakini mwaka 2008 ulitoka utafiti mwingine, wa hapa hapa Tanzania. Thomas Molony alichunguza biashara ya nyanya na viazi vya Nyanda za Juu Kusini, akakuta kwamba wakulima wengi, pamoja na kuwapo kwa simu, hawakuwa na budi kuipokea bei waliyotajiwa na mnunuzi. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi huyo ndiye aliyewakopesha. Kutafuta mwingine ni kujinyima mkopo wa msimu ujao.

Anayeufahamu mwalo atalitambua jambo hilo mara moja. Sangara wa ziwa letu mara nyingi huvuliwa kwa nyavu, injini na mafuta yaliyotolewa na wakala wa mnunuzi, kwa sharti kwamba samaki watauzwa kwake. Mvuvi wa kambini aweza kupiga simu Mwanza, akatajiwa bei iliyo bora, kisha akakaa akiisubiri mashua ya barafu ya yule yule. Bei anaijua, hana ruhusa ya kuifuata. Sisi tuliofunzwa chuoni tungali wadogo ubaya wa riba na wa kupunja mizani hatuhitaji kamusi ya uchumi ili kulipa jina jambo hili. Ni unyonyaji.

Fedha za simu, zilizoanza nchini mwaka 2008, zina sifa yake. Utafiti wa Emma Riley wa 2018 ulionyesha kwamba mvua zikiharibika, kaya za Tanzania zinazotumia huduma hiyo huweza kuendelea na matumizi yao. Majirani wasioitumia, katika kijiji hicho hicho, hawanufaiki. Kwa mkulima wa pamba wa Bariadi au Busega hilo si jambo dogo. Ndiyo maana tozo ya miamala ya Julai 2021 iliwauma wananchi hata serikali ikaipunguza baada ya miezi michache.

Tafiti hizi zimeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo hayafiki Lamadi wala Nansio. Wahadhiri wetu wa Mwanza na TAFIRI wanao wajibu wa kuzileta mwaloni kwa Kiswahili, tena zikiwa kamili, si zile za sifa peke yake.

Na ofisa uvuvi, apitapo na kishikwambi chake akihesabu mitumbwi, aongeze maswali mawili: wavu huu ni wa nani, na deni lake limebaki shilingi ngapi? Majibu hayo ndiyo yatakayoziwezesha Halmashauri za Busega na Ukerewe kujua ni nyavu ngapi zinazopaswa kukombolewa kwa mikopo ya ushirika, na kwa fedha kiasi gani, kabla bajeti ijayo haijapitishwa.