Mzee Aliyekataa Kuuza Nyumba Si Adui wa Maendeleo



Siku hizi katika mji wa Kampala liko neno moja linalotumiwa kuwanyamazisha watu, nalo ni "maendeleo". Mtu akiuliza swali juu ya nyumba yake, huambiwa kwamba anazuia maendeleo. Nimelisikia neno hilo likisemwa hata na wanachama wetu, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Yuko mzee mmoja ninayemfahamu, mwenzetu wa zamani, aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo mpaka alipofikisha miaka 55. Mwaka 1981 alinunua kibanja pembeni mwa mji, mahali ambapo wakati ule palikuwa na mihogo na migomba tu. Alianza na chumba kimoja cha udongo. Kila alipopata ziada alinunua matofali. Alipostaafu, akiba yake ya NSSF, yaani asilimia 5 iliyokatwa katika mshahara wake na asilimia 10 ya mwajiri, yote iliingia katika mabati, saruji na choo. Vyumba viwili vya nyuma amevipangisha, na kodi yake ndiyo pensheni yake. Hana nyingine.

Mji ukamfuata alipo. Sensa ya 1991 ilihesabu watu wapatao 774,000 katika Kampala, na ile ya 2024 ikahesabu karibu 1,800,000. Palipokuwa na mihogo pakatakiwa magorofa. Kampuni moja ilinunua hati ya ardhi kwa mwenye mailo, kisha ikawajia wenye vibanja na bei yake. Majirani wengi walipokea. Mzee akakataa. Alisema fedha zile hazitoshi kununua hata kiwanja kitupu mahali panapofika maji na matatu, sembuse kujenga.

Asubuhi moja wakaja vijana wenye nyundo pamoja na katapila. Watatu kati yao ni wanachama wetu, vibarua wa ujenzi. Simu zikanijia kutoka pande zote mbili: mzee ananiita, na vijana wananiita. Nilipofika, kijana mmoja aliniambia, "Katibu, mtu mmoja huyu anatukosesha kazi ya miaka miwili."

Sikumkasirikia, kwa sababu ana watoto na kodi ya chumba kama sisi sote. Lakini nilimwuliza: "Tulipokaa na meneja kuhusu posho ya chakula, akatutajia kiasi chake, je, tulikubali siku ile ile?" Akasema hapana, tulikataa mara tatu. Nikamwuliza, "Basi siku zile tulikuwa tunazuia maendeleo?" Akanyamaza.

Hapo ndipo ninapotaka tufikiri pamoja. Mfanyakazi anauza nguvu zake, na mzee anatakiwa auze nyumba yake. Katika mambo yote mawili, bei haiwekwi na mnunuzi peke yake. Mapatano ambayo upande mmoja hauruhusiwi kusema hapana, hayo si mapatano, ni amri. Sisi tuliojenga chama juu ya haki ya kukataa mkataba mbaya tutawezaje kumtukana mzee anayetumia haki hiyo hiyo?

Sasa tutazame sheria, maana barua hizi huletwa kwa Kiingereza kigumu. Mimi niliishia darasa la saba. Barua ya kampuni ile tuliisoma mimi na mzee mara tatu, tukitafuta mahali panapotaja amri ya mahakama. Hapakuwapo.

Kwanza, kampuni ya mtu binafsi haina uwezo wa kumlazimisha mtu auze. Ni serikali tu inayoweza kuchukua ardhi kwa nguvu, kwa mambo ya umma kama barabara, ulinzi au afya. Hata hivyo, Katiba ya 1995 katika ibara ya 26 inasema fidia ya haki ilipwe kabla mali haijachukuliwa.

Pili, anayenunua mailo ananunua pamoja na watu walio juu yake. Sheria ya Ardhi ya 1998 inamtambua aliyekaa kwenye ardhi bila kupingwa kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba hiyo. Marekebisho ya 2010 yanasema mtu kama huyo hawezi kufukuzwa ila kwa amri ya mahakama, tena kwa kosa la kutolipa busuulu. Mzee wetu anazo risiti zake za busuulu ndani ya kopo la chai.

Tatu, serikali ikichukua nyumba mjini, jengo huthaminiwa kwa bei ya soko. Juu yake huongezwa asilimia 15 ya usumbufu, au asilimia 30 kama mtu amepewa muda wa chini ya miezi sita kuhama.

Haki hizi si za karatasi tu. Mwananchi mmoja ambaye ardhi yake ilichukuliwa kwa ajili ya barabara ya Hoima, Kaiso na Tonya kabla hajalipwa alikwenda mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba malipo hutangulia. Mwaka 2017 serikali ilipeleka bungeni mswada wa kubadili ibara ya 26, ili kazi ianze huku ugomvi wa fidia ukiendelea. Wananchi waliupinga kwa nguvu, na haukupita.

Wako watakaosema kwamba nyumba zikivunjwa haraka, kazi nazo zitakuja haraka. Ndugu zangu, kumbukeni Nakawa na Naguru. Nyumba zile zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi katika miaka ya 1950. Waliokuwamo walikuwa wapangaji, si wenye nyumba, lakini somo ni lile lile. Waliahidiwa mji mpya wa kisasa, nao wawe wa kwanza kupewa nyumba humo. Mwaka 2011 familia 1,747 ziliondolewa na nyumba zikabomolewa. Mwaka 2013 jiwe la msingi liliwekwa. Mwaka 2021 Bunge lilikuwa likichunguza jinsi vipande vya ardhi ile vilivyogawiwa. Wapangaji walikosa nyumba, na wajenzi walikosa kazi. Kuvunja upesi hakukumlisha yeyote kati yetu.

Sisemi kila anayekataa ana haki. Barabara ya kwenda hospitali haiwezi kungojea tamaa ya mtu mmoja milele. Ninachosema ni kwamba aliyekataa asikilizwe, na malipo yatangulie katapila.

Siku ile msimamizi wa kampuni alipoombwa amri ya mahakama hakuwa nayo. Mwenyekiti wa LC akaitwa, na katapila ikarudi ilikotoka. Lakini nisiwafiche: vijana wetu walipoteza ujira wa siku nzima, na chama hakina mfuko wa kuwalipa. Hilo ni deni letu, na mkutano wa matawi uliangalie. Nyumba ya mzee ingali imesimama, imezungukwa na uzio wa mabati, na mvua ikinyesha maji ya mtaro wa kampuni humfikia mlangoni. Mambo hayajakwisha.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mwanachama akipelekwa kuvunja nyumba ya mtu, aulize kwanza karatasi mbili: amri ya mahakama na hati ya malipo. Na kila tawi, la kiwandani na la mashamba ya miwa na chai, liwafundishe wanaokaribia kustaafu kuhifadhi mkataba wa kibanja na risiti zao, na kukumbuka kwamba ardhi inayokaliwa na familia haiuzwi bila idhini ya mke au mume.

Kijana yule wa nyundo naye ameanza kununua matofali. Siku moja mji utamfikia. Umoja wetu ukiishia kwenye geti la kiwanda, wakati huo atamwita nani?