Grainda ikae mbali na springi za nyuma

Wasee, gari iliyolala chini ni tamu kwa picha, sikatai. Nimezipiga nyingi mwenyewe. Lakini kama una gari ya zamani ya spidi na unaishi hii Nairobi yetu, mtu akikuambia umpe springi za nyuma azikate na grainda ndio "ikae fiti", chukua ufunguo wako uende nyumbani.

Naongea kama mtu aliyefanya huo ujinga. Nilikuwa na Toyota DX, na tukakata mizunguko miwili kila upande. Nusu saa, kazi imeisha. Kwa picha ilikuwa moto. Jumapili nikambeba mathe kiti cha nyuma, tukatoka Kabiria tukielekea Dagoretti Corner. Tuta la kwanza tu, nyuma ikagonga ngumu kama mtu amepiga mabati na nyundo. Mathe akashika mgongo, hakusema kitu. Tulipofika, shokomzoba moja ilikuwa inavuja mafuta. Mpaka leo akiiona hiyo gari anasema atapanda matatu.

Sasa hiyo stori imerudi nyumbani. Mjomba wangu ana Datsun 240Z chini ya turubai, na nyuma imechoka, imekaa chini kama kuku anayetaga. Mabinamu wanasema tumalize kazi: tukate, tuishushe kabisa. Mimi nasema springi zibadilishwe, lakini gari ipande, isishuke.

Hesabu yake si ngumu. Springi yenye mizunguko 8 inayofanya kazi, ukikata 2, zinabaki 6, na ugumu wake unaongezeka kwa thuluthi moja. Kwa hivyo umeifanya ngumu na hapo hapo umeinyima nafasi ya kubonyea. Shimo likija, gurudumu halina pa kwenda. Na ukiinua hiyo gari na jeki, springi fupi inaweza kucheza ndani ya kiti chake, kwa sababu haifiki tena juu. 240Z ina mambo yake pia: kila gurudumu la nyuma linajitegemea, kwa hivyo ukiishusha sana magurudumu yanaegemea ndani, tairi zinaliwa upande mmoja. Tairi unazijua bei.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii gari ina historia hapa kwetu, si ya kuazima. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann alishinda East African Safari Rally akiwa ndani ya 240Z, na Shekhar Mehta akamaliza wa pili kwa 240Z nyingine. Mwaka wa 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda na hiyo hiyo 240Z. Alikuja kuongeza nne mfululizo, 1979 mpaka 1982, lakini kwa Datsun 160J na baadaye Violet GT. Tazama picha za hizo gari. Hakuna iliyolala. Zimeinuka, zimejaa matope, zinaonekana zimekasirika. Kwangu hiyo ndiyo sura ya 240Z, na ni sisi tuliipa. Kushusha gari mpaka ikwangue lami ni mtindo wa watu wenye barabara laini kama meza. Wao wafanye, hawana Naivasha Road.

Binamu mmoja ananijibu kwamba pia springi ngumu ndizo za mbio, kwa hivyo tununue ngumu kuliko zote. Hapana, mse. Gari ya Safari haikuhitaji ugumu tu, ilihitaji gurudumu liwe na safari ndefu ya kupanda na kushuka, ndio tairi ibaki chini ikishika. Springi ngumu kupita kiasi kwa gari nyepesi kama hii inaruka ruka kwenye kokoto, na gari inayoendeshwa na magurudumu ya nyuma ikiruka kwenye kona, unajua inakoelekea. Nikiulizwa mimi: pea mpya ya saizi ya kiwanda, au ngumu kidogo tu, gari irudi kwenye kimo chake ama izidi kidogo, na shokomzoba mpya za kuendana nazo. Shokomzoba iliyochoka chini ya springi mpya ni kupoteza doh.

Najua mtasema springi za kuagiza ni ghali na Kirinyaga Road kuna za mtumba zinazokaribiana. Sawa, nenda, lakini beba yako ya zamani mkononi, hesabu mizunguko, pima unene wa chuma na urefu ikiwa imelala mezani. "Inaingia" si jibu. Na nunua pea, usichanganye, hata kama muuzaji anaapa kwa mamake.

Jana niliegesha hiyo 240Z mahali tambarare nikapima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi. Kushoto iko chini kuliko kulia, kitu kama upana wa vidole viwili. Mjomba aliangalia futi kwa muda mrefu, halafu akaniuliza bei ya pea. Mabinamu wanarudi Jumamosi. Grainda nimeificha kwa mathe, chini ya kitanda.