Mbiu Isiyonyamaza

Sitiari ya askari wa mwili imezoeleka mno katika kuelezea chembechembe nyeupe za damu. Ni sitiari tamu, lakini katika jeraha kali la mapafu hupotosha. Huko, chembechembe hizo hupashana habari kwa kemikali ziitwazo saitokini. Zikizidi, kuta za mishipa midogo huvuja, maji hujaa katika vifuko vya hewa, na walinzi wenyewe huibomoa nyumba.

Mwaka wa 2020, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza uvimbe huo, ilipunguza vifo kwa takriban thuluthi moja miongoni mwa wagonjwa wa Korona waliowekewa mashine za kupumulia. Je, mzee wa Subukia akielezwa kwamba mwanawe mahututi anapewa dawa ya kuwapunguza nguvu askari wake, ataridhia?

Yamkini mtaalamu atasema neno saitokini latosha. Litamfaa nani zahanatini? Afadhali kemikali hizo ziitwe mbiu. Mbiu ya mgambo kila Mswahili aijua: ikilia, watu hutoka na silaha. Isiponyamaza usiku kucha, majirani huanza kukatana mapanga gizani.