Kiingilio cha ngome ya Himeji: kwa nini mkazi analipa yeni 1,000 na mgeni 2,500?

Tangu tarehe 1 Machi 2026, anayetaka kuingia katika ngome ya Himeji, magharibi mwa Japani, anaulizwa kwanza anaishi wapi. Mkazi wa jiji la Himeji analipa yeni 1,000. Asiye mkazi, awe ametoka Tokyo au Dodoma, analipa yeni 2,500, takribani dola 16 za Marekani. Walio chini ya miaka 18 wanaingia bure.

Kabla ya hapo kila mtu mzima alilipa yeni 1,000. Kwa hiyo mgeni amepandishiwa bei mara mbili na nusu, na mkazi amebaki palepale. Jambo hili limezungumzwa sana Japani, na sisi tumeona tulieleze hapa, maana swali lililo ndani yake tunalijua hata kwetu: nani agharamie utunzaji wa urithi wa kale?

Ngome yenyewe

Ngome ya Himeji imejengwa juu ya kilima katikati ya jiji. Mnara mkuu unaoonekana leo ulikamilika mwaka 1609, chini ya mtawala aliyeitwa Ikeda Terumasa. Umejengwa kwa mbao, na kuta zake zimepigwa lipu ya chokaa nyeupe. Kwa weupe huo Wajapani wanaifananisha ngome hii na ndege yangeyange.

Ngome nyingi za Japani zilibomolewa baada ya mwaka 1868, utawala wa makabaila ulipoanguka. Nyingine ziliteketea kwa mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Himeji ilinusurika yote mawili, ingawa jiji linaloizunguka lilishambuliwa kwa mabomu mwaka 1945. Leo Japani nzima imebakiwa na ngome 12 tu zenye mnara mkuu wa asili. Mnara wa Osaka, kwa mfano, ni wa zege na ulijengwa upya mwaka 1931. Ndani yake kuna makumbusho na lifti. UNESCO iliiweka Himeji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1993.

Lakini mbao na chokaa zinadai matunzo yasiyokwisha. Kati ya mwaka 1956 na 1964 mnara mkuu ulifunguliwa kipande kwa kipande na kuungwa upya. Kuanzia 2009 hadi 2015 ukakarabatiwa tena vigae na lipu. Juu ya hayo, zaidi ya watu milioni moja kwa mwaka wanapanda ngazi zake za mbao.

Bei ilivyozua mjadala

Mwezi Juni 2024, meya wa Himeji, Hideyasu Kiyomoto, alisema anafikiria kuwatoza wageni kutoka nchi za nje dola 30 na wenyeji kama dola 5. Wakati huo thamani ya yeni ilikuwa imeshuka sana, na wageni walikuwa wakimiminika. Mwaka huo Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36.

Kauli hiyo iligawa watu. Waliounga mkono walisema mgeni mwenye dola hawezi kuumizwa na bei hiyo. Waliopinga walisema si haki kumtoza mtu kwa kuangalia uraia wake. Tena kuna ugumu wa utekelezaji: mlangoni utamtambuaje mgeni? Kwa sura? Kwa lafudhi? Wapo raia wa kigeni walioishi Japani miaka 20 na kulipa kodi zote, na wapo Wajapani wanaoishi ng'ambo.

Mwishowe jiji liliacha kigezo cha uraia na kuchukua cha makazi. Mtanzania anayeishi Himeji analipa 1,000, na Mjapani wa Tokyo analipa 2,500. Hoja yake inaeleweka kirahisi. Mkazi anachangia jiji kwa kodi mwaka mzima, na ndiye anayebeba msongamano wa watalii. Mpita njia anachangia siku ile moja anayofika.

Osaka walichagua njia nyingine. Mwezi Aprili 2025 walipandisha kiingilio cha mtu mzima kutoka yeni 600 hadi 1,200, bila kutofautisha Mjapani na mgeni wa nje.

Na kwetu je?

Bei za aina mbili si ngeni kwetu. Katika hifadhi za taifa za Tanzania, raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi na mtalii wa nje analipa kwa dola, tena zaidi sana. Tumeuzoea utaratibu huo kwa kuwa sisi ndio wenyeji. Huko Himeji sisi ndio wageni, na hapo ndipo mtu anapoweza kuupima vizuri: je, bado unauona wa haki?

Sisi tunaona ni wa haki kwa masharti mawili. Kwanza, kigezo kiwe wazi na kiweze kuthibitishwa kwa kitambulisho, si kwa kumkagua mtu uso. Pili, fedha zionekane zikirudi kwenye ukuta na ngazi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yalikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini kuanzia 2004 hadi 2014. Chokaa ikiachwa bila kutunzwa inabanduka, iwe Kilwa au Himeji.

Ukipanga kwenda

Kwa msikilizaji mwenye kijana anayesoma au kufanya kazi Japani, au anayejiandaa kusafiri: Mtanzania anahitaji viza kabla ya kuondoka. Kutoka Osaka hadi Himeji ni kama saa moja kwa treni ya kawaida iendayo kasi. Kutoka stesheni, ngome inaonekana moja kwa moja mbele, na ni mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu.

Milango hufunguliwa saa tatu asubuhi, na mwisho wa kuingia kwa kawaida ni saa kumi jioni. Tarehe 29 na 30 Desemba hufungwa. Ndani ya mnara unavua viatu na kuvibeba mkononi. Ngazi ni za mwinuko mkali na hakuna lifti, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu atafaidi zaidi kuitazama akiwa uwanjani. Anayeishi Himeji asisahau kitambulisho chenye anwani yake, maana bila hicho atalipa kama mgeni.