Betri, Bei na Shauri la Nakivubo

Hapa Nakivubo kuna mahali panapoitwa Shauriyako. Wanafunzi wangu hucheka ninapowaambia kwamba kisarufi ilipasa kuwa "shauri lako", kwa kuwa shauri ni nomino ya ngeli ya LI-YA. Mtaa hausahihishwi kwa kalamu nyekundu, basi tuliache jina lilivyo. Lakini neno lenyewe lina nyuso mbili. Kufanya shauri ni kuketi na wenzako mkapatana. Kumwambia mtu "shauri yako" ni kumwacha abebe mzigo wake peke yake. Suala la leo limo katikati ya maana hizo mbili: ni lini wafanyabiashara wanaoshindana waruhusiwe kufanya shauri pamoja, na ni lini sheria iwazuie?

Suala hilo lilinijia nikiwa juu ya pikipiki. Jioni moja nilipanda bodaboda ya umeme karibu na mfereji wa Nakivubo. Hatukufika mbali dereva akatazama kipimo cha betri, akaguna. Tulipita kituo kimoja cha kubadilishia betri, tukapita cha pili, naye hakusimama. Nilipomwuliza sababu alijibu, "Hivyo si vya kampuni yangu, mwalimu. Betri yao haiingii hapa." Tukageuka kwenda kinyume cha safari yangu kukitafuta kituo chake. Abiria mwingine aliyekuwa akimsubiri alipiga simu mara mbili, kisha akaacha kupiga.

Biashara ya pikipiki za umeme bado ni changa Kampala. Zembo, Gogo na Spiro ni miongoni mwa kampuni zilizomo. Mpango wenyewe ni wa busara: kuchaji betri huchukua saa nyingi, kuibadilisha ni suala la dakika chache, na dereva halazimiki kuinunua betri, kifaa kilicho ghali kuliko vingine vyote katika pikipiki hiyo. Hulipia kila anapobadilisha. Ila betri ya kampuni moja haitumiki katika pikipiki ya nyingine, na kwa hiyo dereva aliyekwisha kuchukua pikipiki kwa mkopo amefungwa. Bei ya kubadilisha ikipanda, hana pa kwenda. Kila kampuni nayo hujenga vituo vyake, hata pale ambapo mshindani wake ana kituo hatua chache tu kutoka hapo.

Dawa inaonekana rahisi. Kampuni zikutane, zipatane juu ya umbo la betri, volti zake na soketi yake. Hapo ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Ushindani ya Uganda ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mapema 2024, inakataza mapatano yanayoua au kupunguza ushindani, na usimamizi wake umewekwa chini ya wizara inayohusika na biashara badala ya tume inayojitegemea. Mwanasheria mwangalifu wa kampuni changa atamwambia mwajiri wake asikutane na washindani wake kabisa. Ni ushauri wa mtu anayelinda mkate wake, nami simlaumu.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliwatoza watengenezaji tisa wa bidhaa za chuma faini ya jumla ya shilingi milioni 338.8 za Kenya kwa kupanga bei na kupunguza uzalishaji. Aliyeumia ni mtu wa kawaida anayenunua nondo za nyumba yake. Kwa Kiswahili jambo hilo lina jina lake: kula njama. Na njama, kama ushirikiano, huanza kwa watu kuketi meza moja.

Hata hivyo, Tanzania ilikuwa imekwisha kutuonyesha sura ya pili ya meza hiyo. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kuruhusu fedha za simu zipite moja kwa moja kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Vodacom ilijiunga 2016. Nchi hiyo ilikuwa na sheria ya ushindani tangu 2003, na sheria hiyo haikuvunja mapatano hayo. Kampuni ziliafikiana jinsi fedha zitakavyovuka, zikaendelea kugombania wateja. Daraja likawa la wote, lakini kila mmoja alibaki na duka lake.

Ndiyo maana nasema shauri la betri liruhusiwe na shauri la bei likatazwe, na wizara ilitamke hilo waziwazi kabla kampuni hazijaogopa au hazijazoea kukutana gizani. Najua pingamizi lililopo. Kampuni kubwa inaweza kuandika kipimo kinachofanana na betri yake yenyewe, kisha wadogo wakaambiwa "shauri yenu". Tena teknolojia inabadilika. Kipimo cha leo kinaweza kuwa pingu kesho. Pingamizi la kwanza ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Kwa hiyo mazungumzo yafanyike mbele ya Shirika la Viwango, kipimo kiwe wazi kwa yeyote atakayeingia baadaye bila kulazimika kuomba ruhusa ya waliotangulia, na kipitiwe upya kila baada ya miaka michache. Ada ya kubadilisha betri, mgawanyo wa mitaa na idadi ya wateja visitajwe katika chumba hicho hata kwa mzaha.

Waraka wa kurasa tatu au nne ungetosha kuyaeleza hayo. Uandikwe kwa Kiingereza kwa ajili ya wanasheria, kisha kwa Kiganda na kwa Kiswahili, ubandikwe kwenye steji za bodaboda. Na madereva wapewe kiti katika mazungumzo hayo, maana katika watu wote watakaokuwamo chumbani, ni wao tu waliowahi kusukuma pikipiki yenye betri tupu kukipita kituo kilichojaa betri.